Metali ya andagraundi: albamu na demo za kuanza nazo, na toleo la kuchukua

Mtu anayeanza kununua deth metali na blaki metali ya zamani, matawi makali ya roki nzito inayoitwa metali, karibu kila mara anaanza na jina. Kasikia bendi inatajwa sana, kaiona kwenye fulana, anachukua toleo la kwanza linalotokea mbele yake, anaweka, dakika kumi anazima, anasema hawa jamaa walirekodia ndani ya pipa. Kumbe shida ni mpangilio, kaanza na cha saba kabla ya cha kwanza, au kabeba toleo ambalo fundi wa studio alikuja kulivuruga miaka ishirini baadaye. Mi msimamo wangu ni huu: kwenye metali ya andagraundi hununui nyimbo peke yake, unanunua rekodi. Ule mchuruziko wa tepu, besi inayokoroma, dramu zinazosikika kama ziko chumba cha pili, vyote hivyo ni muziki, ukiviondoa unabaki na kitu kingine kabisa. Kwa hiyo nimepanga kwa swali moja tu, hela yako ya kwanza iende wapi ili uwe unarudia kusikiliza, maana kuna vitu vizuri vya kuweka kwenye shelfu lakini hutavigusa tena.

1. Repulsion, Horrified

Hapa sina mjadala. Vijana wa Flint, Michigan, walirekodi hii kitu mwaka 1986, ikazunguka kama demo, yaani rekodi ya majaribio kabla ya albamu, mkono kwa mkono, na ilipokuja kutoka rasmi mwaka 1989 kupitia Necrosis, lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ndogo ya Bill Steer na Jeff Walker wa bendi ya Carcass, bendi yenyewe ilishavunjika. Nyimbo 18, dakika hazifiki 30. Hakuna hata sekunde ya kujaza.

Fanya hivi, vaa hedifoni usikilize besi tu. Scott Carlson anapiga besi yenye distoshini, yaani sauti iliyokwaruzwa makusudi, nzito kiasi kwamba mwanzoni unadhani ni gitaa la tatu ambalo spika yake imechanika, halafu sikio likishaikamata unagundua ndiyo iliyobeba nyumba nzima, magitaa yanakatakata juu yake na dramu zinakimbia kama kuna mtu anazifukuza, ila hakuna anayepotea, kila mmoja unamsikia. Hapo ndo utaelewa ninaposema rekodi chafu, maana uchafu na kutosikika ni vitu viwili tofauti. Watu wengi wa graindikoa, ile metali ya kasi kupindukia, waliokuja baadaye, Napalm Death wa Uingereza wakiwemo, walikunywa kwenye kisima hiki. Ukibahatika kupata toleo la diski mbili la lebo ya Relapse la mwaka 2003 chukua hilo, lina albamu pamoja na demo, unasikia walivyofika pale.

2. Entombed, Left Hand Path

Mwaka 1990, lebo ya Earache, imerekodiwa Sunlight Studio, Stockholm, na Tomas Skogsberg. Sauti ya gitaa ya hapa imeigwa na bendi nyingi mno, na siri yake ni kitu kidogo, pedali ya Boss HM-2, kifaa cha kukanyaga cha kubadilisha sauti ya gitaa, ile nyeusi yenye vitufe vinne vya kuzungusha, wao wakavizungusha vyote vinne mpaka mwisho. Inatoka sauti ya msumeno unaokata mti mbichi. Ila kilichonifanya niipe nafasi ya pili ni utunzi, wimbo wa kwanza unaanza kwa kasi, katikati unapunguza, mwishoni unakuachia ule mstari wa gitaa wa huzuni ambao ukiusikia mara moja hautoki kichwani.

Na hapa nieleze kwa nini naogopa rimasta, yaani rekodi ya zamani iliyoandaliwa upya sauti yake. Nilikuwa na albamu nyingine ya zama hizohizo kwenye kaseti ya zamani, nikanunua sidii yake mpya, lebo siitaji, imeandikwa kwa fahari kabisa kwamba sauti imesafishwa upya. Nikaziweka moja baada ya nyingine. Ile mpya ilikuwa kubwa zaidi kwa sauti, kweli, lakini snea, ile dramu ya mlio mkali, ilikuwa imelala, pale ambapo bendi inatulia halafu inakurukia hapakuwa na kuruka tena kwa sababu sehemu tulivu na sehemu ya vurugu zote zimepandishwa kimo kimoja. Dakika ishirini kichwa kinauma. Tangu siku hiyo neno rimasta kwenye jalada kwangu ni onyo mpaka nisikie kwa masikio yangu. Earache wenyewe walikuja kuwa na matoleo waliyoyaita Full Dynamic Range, yenye ule mpando na mshuko wa sauti wa mwanzo, na Left Hand Path imo, kwa hiyo ukitaka santuri ya albamu hii tafuta iliyoandikwa hivyo.

Kuna watakaokwambia uanze na demo za Nihilist, bendi iliyovunjika mwaka 1989 wengi wao wakaibuka palepale kama Entombed. Demo zile ni nzuri, tena sana, na zimekusanywa kwenye sidii iliyotoka mwaka 2005. Lakini nunua baada ya albamu. Ukianza na demo unasikia nyimbo zilezile zikiwa bado hazijaiva, ukianza na albamu halafu ukarudi nyuma unasikia jinsi zilivyozaliwa, raha yake ni nyingine.

3. Hellhammer, Demon Entrails

Ukinunua mkusanyiko mmoja tu wa demo maishani, uwe huu. Uswisi, mwaka 1983, vijana hawana hela, hawajui kupiga vizuri, na karibu kila aliyewasikia wakati ule aliwacheka. Demo zao tatu za mwaka huo, Death Fiend, Triumph of Death na Satanic Rites, zote zimo humu, na toleo hili la mwaka 2008 lilisimamiwa na wanabendi wenyewe, jambo ambalo kwa miaka mingi lilionekana haliwezekani maana walikuwa wanaionea aibu ile kazi. Mwaka 1984 waliifunga bendi wakaanzisha Celtic Frost.

Ukisikiliza zile tatu kwa mpangilio wa tarehe, ya kwanza unasikia watu wanapapasa gizani, ya tatu, ya mwezi Desemba, unasikia watu walioshagundua kwamba ukipiga noti chache, nzito, na ukaziacha zikae, unatisha kuliko anayekimbia. Miezi michache tu hiyo. Tom Warrior, mwimbaji wao, anatoa ule mguno wake mfupi kabla gitaa halijashuka na mwili unakaa sawa. Simaanishi ni rahisi kusikiliza, Triumph of Death wimbo wenyewe ni mrefu na yale mayowe yanachosha, ila blaki metali, deth metali na hata ile metali ya taratibu sana, zote utakuta nyayo zake humu. Nimeiweka ya tatu badala ya ya kwanza kwa sababu ukishasikia hizo mbili za juu sikio linakuwa limeshazoea uchafu.

4. Autopsy, Mental Funeral

Chris Reifert alipiga dramu kwenye albamu ya kwanza ya bendi ya Death, Scream Bloody Gore ya mwaka 1987, akaondoka akaanzisha Autopsy, anapiga dramu na kuimba kwa wakati mmoja. Wengi wanapendekeza Severed Survival ya mwaka 1989 na siwalaumu, lakini hii ya mwaka 1991 ndo ile ambayo mwendo wake unayumba kama mtu mwenye homa, inaenda mbio, inaanguka kwenye tope, inanyanyuka. Santuri inaifaa sana. Hii sina mengi ya kusema, inunue tu.

5. Sarcófago, I.N.R.I.

Belo Horizonte, Brazil, mwaka 1987, lebo ya Cogumelo. Jalada wako makaburini wamevaa misumari na mikanda ya risasi, na muonekano ule bendi za Norway zilikuja kuuchukua baadaye. Mwimbaji wao alipitia bendi ya Sepultura kabla. Dramu za humu kwa mwaka ule zilikuwa hazina mfano, na mpiga dramu anapiga kasi ile kwa nguvu bila kujali usahihi, kuna sehemu unamsikia kabisa anachelewa halafu anakimbia kuwawahi wenzake. Safisha hiyo kwenye kompyuta, panga kila pigo mahali pake, umeua albamu.

6. Demilich, 20th Adversary of Emptiness

Wafini hawa, albamu yao kamili ni moja tu, Nespithe ya mwaka 1993, na mkusanyiko huu wa lebo ya Svart wa mwaka 2014 unakupa hiyo pamoja na demo zao. Magitaa yanajipinda kama minyoo, na sauti ya Antti Boman inatoka chini kabisa tumboni kama maji yanaingia kwenye bomba, na kwenye kijitabu cha albamu waliandika wazi kwamba hakuna kifaa kilichotumika kubadilisha sauti ile. Nimeiweka huku chini kwa sababu inahitaji subira, mara tatu za kwanza utaona fujo. Mara ya nne kuna mstari mmoja wa gitaa utakushika, ukiufuata huo mingine yote inafunguka.

7. Thergothon, Stream from the Heavens

Finland tena, mwaka 1994. Ni ya taratibu mno, dramu linapigwa unasubiri, unasubiri, linapigwa tena. Kwa ajili ya usiku, peke yako, taa imezimwa. Kama unataka vurugu usiiguse.

Vitu ambavyo utaambiwa ni lazima uanze navyo na mi nasema subiri. Fallen Angel of Doom ya Blasphemy, Kanada, 1990: inaheshimika, na naiheshimu, lakini ile sauti ya mchanga unaomwagwa kwenye bati haikufundishi kitu kama bado hujui nini kinaendelea ndani yake, wengi wanainunua, wanasikiliza mara mbili, basi. Deathcrush ya Mayhem, 1987: ni EP nzuri, yaani rekodi fupi kuliko albamu, ila nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu na jina la bendi limekuwa kubwa mno, kwa hiyo ndo moja ya vitu vinavyoghushiwa sana. Chukua toleo jipya halali kama unataka kusikiliza, achana na ndoto ya ile ya mwanzo.

Na kwenye blaki metali, hili nalisema nikiwa nimekaza, angalia unampa nani hela. Kuna bendi na lebo ndogo zinazobeba siasa za Kinazi waziwazi na nyingine zimeficha kwenye alama za jalada na orodha ya wanaoshukuriwa. Dakika tano za kusoma kabla ya kulipa zinatosha. Muziki mzuri upo mwingi mno, hulazimiki kulisha watu wa aina hiyo.

Sasa sidii, santuri, kaseti au faili? Kwa demo za zamani sidii ndo namba moja bila ubishi. Rekodi ya demo tayari ina kelele ya tepu, haihitaji na mikwaruzo ya santuri juu yake, na mikusanyiko inakuwa mirefu, inakaa yote kwenye diski moja au mbili. Faili la kulipia kwenye Bandcamp, tovuti ya kuuza muziki, linafuata, hasa kama bendi yenyewe ndo inauza, ila chukua lile lisilopoteza sauti likibanwa, FLAC, maana MP3 ndogo inafanya ule mchuruziko wa tepu uanze kulialia kama filimbi. Santuri nampa mtu kwa albamu fupi, dakika kumi na tano mpaka ishirini kila upande, ukizidisha hapo mifereji inabanana na sauti inabidi ishushwe, besi ndo inakufa kwanza.

Kaseti za demo za mwanzo, zile zenyewe za miaka ya themanini, mi nasema hapana kwa anayeanza. Kipindi kile watu walikuwa wanabadilishana kwa posta, unanakili kaseti yako unamtumia mtu nchi nyingine, naye ananakili, na stempu walikuwa wanazipaka sabuni au gundi ili muhuri ufutike zitumike tena. Kila nakala ya nakala inapoteza sauti za juu na kuongeza mchuruziko, kwa hiyo kaseti "ya mwanzo" unayouziwa inaweza kuwa nakala ya tano, na jalada lenyewe lilikuwa fotokopi tangu siku ya kwanza, mtu yeyote mwenye mashine analitoa upya leo. Ukishikwa na hamu basi omba picha ya mdomo wa kaseti, pale panapotokea tepu kuna kipamba kidogo kwenye kibati chembamba kinachobana tepu kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma tepu, kikiwa kimedondoka au kimeota kutu sauti itaingia na kutoka. Kwa santuri omba picha ya namba zilizochongwa kwenye ile sehemu tupu karibu na lebo ya katikati, linganisha na zilizoorodheshwa Discogs, tovuti yenye orodha ya matoleo ya rekodi, kwa toleo hilohilo, na muuzaji akikataa kupiga picha, acha.

Ila kaseti ya bendi ya leo ni habari tofauti. Bendi changa inatoa demo, nakala hamsini, mia, sauti imeandaliwa kwa ajili ya tepu na hakuna toleo lingine la kulisubiri, hiyo ukiipenda nunua siku hiyohiyo, moja kwa moja kutoka kwao, maana mara nyingi anayeandika anwani yako kwenye bahasha ni yuleyule anayepiga besi.