Programu ya umbali na muda wa ndege: kilomita sawa, ila muda walitutia presha

Jamani hii programu ya kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege kati ya viwanja viwili, mimi nimekoma. Juzi kati hapa mama alikuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, viwanja vyenyewe vidogo vya safari za ndani tu, tiketi anayo yeye mkobani, akanipigia kwamba wanafunga mlango anaambiwa azime simu. Nikaingiza zile herufi tatu za kifupi cha uwanja wa huku na tatu za kule, ikaniletea kilomita 400, muda wa kuruka dakika 28. Basi nikashika hiyo 28.

Ikapita. Arobaini ikapita. Saa nzima inakatika simu ya mama haipatikani, dada yangu ashaanza kulia, mimi nafungua nafunga ile programu bado imekomaa na 28 yake, kwa rangi ya kijani na alama ya vema pembeni.

Nikawaandikia huduma kwa wateja humohumo, kwa adabu kabisa, mama yangu yuko angani na muda mliosema umepita, hii hesabu mnaipataje? Jibu likaja: "Sisi tunatoa umbali, mwendo wa ndege muulize rubani." Basi! Hata pole hakuna. Mtu ana hofu ya mzazi wake unamjibu hivyo?

Mama kashuka salama salimini, anacheka, na kumbe ndege haikuchelewa hata kidogo, tiketi yake inasema safari ni saa 1 na dakika 10.

Nilipotulia nikaipekua. Chini kabisa, maandishi ya kijivu yasiyosomeka, wameandika wanatumia kasi ya kilomita 850 kwa saa. Hiyo ni ya majeti yakiwa huko juu yameshatulia! Mama alipanda ATR 72, ile ya mapangaboi mawili, ambayo mwendo wake ni kilomita 500 hivi. Gawa mwenyewe 400 kwa 500, ni dakika 48, na hapo hujaweka kutambaa mpaka kwenye barabara ya kurukia, kupanda, kupunguza mwendo kabla ya kutua, na upepo ukigeuka rubani inabidi azunguke atue kwa upande wa pili. Hata jeti kwenye kipande kifupi vile halipati nafasi ya kukaa sana kwenye hiyo 850, likimaliza kupanda halichelewi kuanza kushuka. Na muda wa kwenye tiketi unaanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa mpaka inaposimama kule, siyo ikiwa hewani tu.

Kwenye umbali sitawasingizia, uko sawa, nimelinganisha na kwingine ukalingana, ule mstari mfupi kabisa kufuata mviringo wa dunia. Kwa hilo nilitaka niwape nyota tatu, mtu anayetaka kilomita tu inamfaa. Ila kila nikilikumbuka lile jibu roho inachafuka, na hata hizo maili zao hawasemi ni za nchi kavu au zile za marubani na mabaharia za kilomita 1.852. Nyota moja, na hiyo ni ya kilomita.

Wekeni sehemu ya kuchagua aina ya ndege. Kama hamuwezi basi ifuteni hiyo ya muda, maana kuna watu wanawasubiri ndugu zao nayo mkononi.