Risiva yenye antena iliyokatwa: uzoefu wangu

Usinunue risiva hii, kile kifaa cha ndani ya ndege ya rimoti kinachopokea amri zako. Naandika nikiwa bado na uchungu, maana ndege yangu ya balsa, ile mbao nyepesi, niliyoikata na kuigundisha mwenyewe kwa karibu miezi minne, sasa iko ndani ya kiroba nyuma ya mlango.

Duka liko Kariakoo, jina nalihifadhi. Nilimuuliza muuzaji swali moja tu: hii inapatana na rimoti yangu? Akajibu macho yakiwa kwenye simu: "Bosi, risiva ni risiva. Zote gigahezi 2.4." Si kweli hata kidogo! Hayo ni masafa tu, lugha kila kampuni ina yake. Futaba wana FASST, Spektrum wana DSMX, FlySky wana AFHDS 2A, na risiva ya huyu haimsikii yule. Ningeondoka pale pale. Lakini tulipoijaribu ilishika, taa ikatulia, nikalipa.

Jumapili moja baada ya masika tukaenda Kigamboni. Kona ya kwanza safi, ya pili safi. Ya tatu, ndege ikiwa mbali kama viwanja viwili vya mpira, nikavuta fimbo kushoto, haikuja. Nikashusha mota, haikushuka. Ule mngurumo wa panga la mbele, linalozungushwa na mota, bado nausikia usiku. Mawasiliano yalikatika, na badala ya kuzima mota, risiva iling'ang'ania amri ya mwisho niliyoipa. Mwanangu alikuwa anapiga makofi akidhani ni mbwembwe zangu. Ikajikita kwenye mnazi.

Nyumbani nikafungua ganda la risiva. Antena ziko mbili, na ncha ya kila moja inatakiwa iwe wazi kama milimita 31, robo ya wimbi lake. Moja ilikuwa sawa. Nyingine ilikatwa ikabaki kama punje ya mchele, halafu ikapakwa gundi nyeusi. Kwa hiyo nikigeuza ndege upande ule, inakuwa kiziwi. Nikampelekea muuzaji, akanijibu: "Kaka, kitu cha kuruka lazima kianguke." Wateja wawili wakacheka.

Haki itendeke: sehemu ya kosa ni yangu. Kabla ya kurusha nilipunguza nguvu ya rimoti nikarudi nyuma hatua 30 kupima, lakini sikuizungusha ndege. Na hiyo amri ya kuzima mota mawimbi yakikatika, mwenye ndege ndiye anayeipanga, mimi sikuipanga. Tena aina yenyewe ya risiva siwezi kuitukana. Ninayo nyingine ya aina hiyo hiyo kwenye glaida ya mwanangu, ndege ya kuelea angani, haijawahi kukata hata siku moja. Basi nafuta nilichosema juu: risiva nunua. Ila mtu anayepaka gundi juu ya antena iliyokatwa akaiuza kama mpya, huyo hapana, hata akikupa bure! Ndege ile ingeweza kumwangukia mtoto wa mtu.

Mpya nimeinunua kwa dada mmoja mtaa mwingine, nikiwa na rula mkononi. Nilipima ncha zote mbili mbele yake, akasubiri mpaka nikaridhika. Nyumbani nikalitoa panga kwenye mota, nikaiwasha mota, nikazima rimoti. Mota ikanyamaza.

Hela yangu bado iko kwa yule wa Kariakoo. Jumamosi narudi kwake na risiva yake, ganda likiwa wazi.