Kuajiri Wachomeleaji kutoka Nje au Kuwafunza Vijana Wetu?

Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linahitaji wachomeleaji wa daraja la juu. Kuajiri wenye vyeti kutoka nje huharakisha kazi, kwa kuwa viungo vya bomba hukaguliwa kwa mionzi na kitundu kidogo cha hewa kinaweza kumlazimu fundi kukata na kuchomelea upya. Lakini mradi ukiisha, fundi huondoka na ujuzi wake. Kampuni zikishirikiana na vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, gharama ya muda, mashine na vyuma vya mazoezi ni kubwa, ila kijana hubaki na ufundi unaohitajika bandarini na viwandani. Naipendelea njia hii, mradi kampuni zitoe mafundi wazoefu wa kumsimamia mwanagenzi kazini.