Kompyuta ya mezani imechoka: nunua kipi kwanza?

Msimu wa korosho ukikaribia, wateja wangu hapa Mtwara huanza kukumbuka kompyuta zao za mezani: za vyama vya msingi, za stesheneri, za walimu. Lalamiko ni moja. Inawaka taratibu mno, na ukifungua Excel unaweza kwenda kunywa chai ukarudi. Wengi wameshaambiwa wanunue nyingine. Mara nyingi hakuna haja. Mashine ya Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne, zile za mwaka 2012 na 2013, bado inachapa barua, inafanya mahesabu na kuprinti siku nzima. Huu ndio mpangilio ambao ningeufuata kama pesa ingekuwa yangu.

Kabla ya kwenda dukani, ifungue. Juzi nimefungua moja iliyotoka ofisi ya jirani na ghala: katikati ya feni ya prosesa na bati lake vumbi limejishindilia kama sufi ndani ya mto, pasta ya joto imekauka na kupasuka, na pembeni mwa madabodi, ile bodi kuu ya ndani, amelala mjusi mkavu. Tulipiga blowa, tukasugua kwa brashi, tukapaka pasta mpya, na kelele ya feni ikaisha. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, tuliichomoa tukafuta meno yake kwa kifutio cha penseli. Kwa walio karibu na bahari, kama Shangani au Mikindani, hilo lifanye kila mwaka, maana upepo wa chumvi hauna huruma na vyuma. Na kama saa inarudi nyuma kila ukizima, na kwa hiyo tovuti zinakataa kufunguka, nunua betri ndogo ya CR2032. Ni kitu cha pesa kidogo sana.

Nafasi ya kwanza, bila ubishi, ni SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na mkono unaohangaika kutafuta data huku na huku. SSD haina kinachozunguka. Kwa waya ule ule wa SATA, unaounganisha diski na madabodi, diski ya zamani husoma kama megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, SSD inakaribia 500. Hata hivyo tofauti utakayoihisi wewe iko kwenye vifaili vidogo vidogo, maelfu yake, ambavyo Windows huvisoma wakati wa kuwaka. Kila kimoja diski ya zamani hukitafuta kwa karibu milisekunde 10, SSD kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Chukua ya GB 240 au 256, kwa sababu ya GB 120 inajaa mapema. Madabodi ikiwa ya SATA ya pili, toleo la zamani la kiunganishi hicho, kasi itapungua karibu nusu, nunua tu, bado utashangaa. Diski ya zamani kama ni nzima iache ndani ihifadhi picha na nakala.

Angalia bandia. SSD ya TB 2 kwa bei ya GB 240 ni flashi iliyovalishwa ganda, inapokea faili na kuzipoteza. Muombe muuzaji muda uipime kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza kisha kuisoma tena. Akikataa, ondoka.

Ya pili naiweka UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, na najua wengine wangetanguliza RAM. Mimi nimeona diski nyingi zikiharibika siku umeme unapocheza, kukatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja. UPS ya 650VA inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Kama unanunua iliyotumika, chomoa waya ukutani palepale dukani uone inashika muda gani. Betri ya ndani huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na kwenye joto letu hata mapema. Printa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo.

RAM ni ya tatu. Ukiwa na GB 4, ongeza ifike 8, basi. Soma lebo: PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, na haziingiliani, hata mkato wa chini uko mahali tofauti. Nenda na ile ya zamani mkononi. Hakikisha pia Windows yako ni ya biti 64, kwani ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4.

Kuhusu Windows: msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kwa mashine kongwe mimi huweka Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows, ni ya bure, na programu yake ya ofisi, LibreOffice, inafungua faili za Word. Ijaribu kwanza kwa flashi pamoja na printa na skana zako. Kama kazi yako inategemea programu ya Windows pekee, usihame.

Kadi ya picha na prosesa kubwa zaidi sishauri. Pawa saplai za mashine ndogo za ofisi hazina nguvu ya ziada, na nyingi zina umbo lake la pekee.

Na ukikuta kapasita, vile vikopo vidogo vya madabodi, zimevimba vichwa au zinavuja, simamisha ununuzi. Kama SSD ulishainunua, ichomoe pamoja na UPS yako. Vyote viwili vitaingia kwenye mashine itakayofuata.