Wakala wa upande wa mnunuzi, Dar: nilichopata kwa milioni nne

Nauza vyombo Mbagala, na kila mwaka ukiisha mwenye fremu anapandisha kodi anavyotaka. Nikaamua kutafuta jengo langu. Sikupitia dalali wa kijiweni. Nilimlipa kijana mwenye ofisi Sinza anayesimamia wanunuzi tu. Kwa muuzaji hachukui hata mia. Anayetaka namba yake aniulize inbox.

Ada yake ni milioni nne, haipandi wala haishuki: nusu kabla ya kazi, nusu siku ya kusaini. Hapo ndipo aliponivutia. Dalali wa asilimia, bei ikipanda naye anashiba. Huyu jengo likiuzwa milioni mia tatu au mia nne, kwake ni ileile.

Jengo la kwanza lilikuwa Mbezi, kando ya Barabara ya Morogoro. Rangi mpya, fremu zimejaa wapangaji, dalali wa muuzaji ananipigia kila asubuhi: "Mama, kuna mtu kaja na hela, utalikosa." Kijana wangu akaenda na mpima. Bikoni ya mbele, lile jiwe la mpaka wa kiwanja, waliikuta ndani ya fremu ya fundi simu, nyuma ya kaunta, juu yake limekaa dumu la maji. Maana yake nusu ya fremu za mbele ziko nje ya kiwanja, kwenye hifadhi ya barabara. Aliyeshuhudia bomoabomoa ya 2017 kutoka Kimara mpaka Kiluvya hahitaji maelezo. Upekuzi kwa Msajili wa Hati ukaja na mengine: hati ya miaka 33 iliyoanza 1998, yaani inaisha 2031, matumizi yameandikwa makazi, si biashara, na kodi ya ardhi ina malimbikizo. "Mama, hapa tunaondoka," akasema. Tukaondoka.

La pili liko hukuhuku Mbagala: fremu chini, mzee mwenye mali anaishi juu na familia yake. Dalali alitaja milioni 380. Kijana akapanda ngazi mwenyewe, akamwamkia mzee, wakazungumza. Mzee alikuwa anataka 340. Yaani cha juu, alichojiongezea dalali, milioni arobaini! Sikatai dalali ale, naye ana watoto, lakini si kwa kiasi kile.

Kilichonifurahisha zaidi ni alivyowashughulikia wapangaji. Mikataba niliyopewa ilionyesha kodi nzuri sana. Yeye hakuridhika na makaratasi. Aliingia fremu moja moja, hapa anakunywa soda, pale ananunua vocha, huku anauliza umelipa mpaka lini, risiti unayo? Ikabainika wanne wameshamlipa mzee kodi ya mwaka mzima. Ningekuwa na hati mkononi na wapangaji ndani, halafu nisipate senti mpaka miezi iishe. Ile kodi ikakatwa kwenye bei, na hapo tu ada yake ilikuwa imesharudi. Aligundua pia kwamba nyumba nzima, juu na chini, inatumia mita moja ya umeme wa LUKU. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, kwa hiyo tuliandika mapema nani analipa nini mpaka mita zitenganishwe.

Halafu likaja suala la mke. Hati ina jina la mzee peke yake, lakini juu ni nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu iuzwe bila ridhaa ya mwenza. Mzee alinuna: "Mwanangu, mimi ndiye baba wa nyumba hii." Kijana hakubishana, akasubiri tu. Mama akashuka na kitambulisho cha NIDA mkononi, na swali lake la kwanza likawa: mnauza shilingi ngapi? Kumbe hakuwa ameambiwa. Ilibidi watuache sebuleni wakaongee ndani, na kwa sauti tulizozisikia, sidhani mzee aliyasahau mazungumzo yale.

Muuzaji akikwambia anataka hela safi mkononi, ujue anakutwisha kodi yake ya faida ya mauzo. Kijana aliligomea hilo. Mimi nililipa ushuru wa stempu, asilimia 1, na gharama za usajili.

Sasa malalamiko. Nguzo na zege hakagui, na hilo hakulisema mpaka nilipouliza. Baada ya ghorofa kuporomoka Kariakoo Novemba 2024, mimi nisingenunua jengo ambalo injinia hajaligonga, kwa hiyo nikamtafuta na kumlipa mwenyewe. Risiti ya kwanza aliniandikia kwa mkono. Nikadai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akaitoa kesho yake. Ripoti zake nazo ni Kiingereza kitupu, wakati mimi nauza sufuria. Na ikifika jioni hapokei simu, hata siku ile dalali alipotishia kumleta mnunuzi mwingine.

Nampa nyota nne. Anayetafuta fremu moja ya kupanga, milioni nne ni nyingi mno, atumie dalali wa mtaani tu. Anayenunua jengo lenye wapangaji ndani amlipe, na aweke fungu la injinia pembeni.