MAZDA CX-5 HAINA MSHALE WA JOTO! Ijue Dashibodi Yako Kabla Hujapanda Kitonga

Haya wadau, karibuni tena kwenye chaneli yenu ya magari ya Nyanda za Juu Kusini. Niko Uyole, saa moja kasorobo asubuhi, baridi mnaiona wenyewe, mdomo unafuka moshi na ekzosi inafuka moshi. Saa hii nimeichagua makusudi. Kitu ninachotaka kuwaonyesha, ukija saa tano jua limetoka hukikuti.

Gari ni Mazda CX-5, umbo la kwanza, ya 2013, petroli lita mbili. Namba E, imeingia juzi juzi tu kutoka Japani, ya kaka mmoja wa Isyesye, kaniachia hadi kesho. Viti, buti, ukubwa wa matairi, hayo mmeshaonyeshwa na wenzetu wa Dar mpaka mmechoka, siyarudii. Leo nakaa hapa nyuma ya usukani, kwenye dashibodi tu. Maana mnanitumia picha usiku wa manane: "Kaka, hii taa nyekundu ni ya nini?" Na ukiangalia picha vizuri, spidi inasoma themanini! Gari inatembea!

Sogeza kamera hapa. Nabonyeza kitufe cha kuwashia bila kukanyaga breki, mara ya kwanza, mara ya pili. Injini haijawaka ila taa zimewaka zote. Msishtuke, zinajikagua. Na wewe unayekwenda kununua gari ya mkononi, hapa ndipo pa kukazia macho. Taa iliyowaka achana nayo kwanza, tafuta ambayo haikuwaka. Kuna watu wakishindwa kutibu tatizo la cheki injini au la erbegi wanaizima taa yenyewe. Ukiona hapa cheki injini haijatokea kabisa, dalali aanze kujieleza kabla hujatoa hata shilingi.

Rangi mnazijua: nyekundu ni hatari, njano ni kamuone fundi, kijani na bluu ni taarifa. Moja tu nitaisisitiza, hili kopo jekundu la oili. Watu wanadhani linasema oili imepungua. Linasema presha ya oili imeshuka, yaani vyuma ndani ya injini vinasagana vikavu. Kwa hiyo usiniambie "nitafika Mbalizi kwa fundi wangu". Hufiki. Simama pembeni, zima.

Sasa nakanyaga breki, nawasha. Sikilizeni... Mmemsikia? Huyo dada wa Kijapani! Kila asubuhi anaongea, na wenye magari wanadhani anawasalimia. Anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijachomekwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za mwendokasi kule kwao Japani, hapa kwetu hana kazi. Fundi umeme anachomoa kile kidude, dada ananyamaza.

Tuendelee, maana nilichokuja kuonyesha ni hiki. Hapa! Mnaona hii taa ya bluu, kialama cha kipimajoto kimelala kwenye mawimbi? Hiyo inasema maji ya injini bado ya baridi. Ndiyo habari yote ya joto unayopewa kwenye gari hii. Mshale hakuna. Tafuta upande huu, tafuta upande huu, hamna C ya baridi, hamna H ya moto. Bluu inawaka ikiwa baridi, inazima ikipata moto, halafu giza, hujui chochote mpaka siku ile taa nyekundu ya joto itakapotokea.

Mimi hili linanikera, nasema wazi. Mtu anayetoka hapa kwenda Dar na familia, na akirudi anapanda mlima wa Kitonga nyuma ya malori ya Tunduma, gia ya pili, hakuna upepo wa kutosha unaoingia kwenye rejeta, unamnyimaje mshale? Mark II ya mzee wangu ina mshale. Corolla 110 ina mshale. Na msije mkasema nawaonea Mazda, Honda Fit ni hivyo hivyo, Vitz umbo la pili nayo hivyo hivyo, Subaru Forester ile ya SH, umbo la tatu, pale mahali pa mshale wamekuwekea kipimo cha ulaji wa mafuta.

Twende tukiongea. Napandisha barabara ya Tukuyu taratibu. Bluu bado inawaka, kwa hiyo sikanyagi kwa nguvu, oili bado nzito. Hapa ndipo ninapoipenda, niseme ukweli. Sisi wa Mbeya tuna ugonjwa wa kuwasha gari na kuondoka nayo kama tunafukuzwa. Hii taa inakukumbusha. Si lazima uiache inanguruma nusu saa nyumbani, endesha tu kwa upole mpaka izime. Igawilo hii hapa... subiri... subiri... imezima. Mmeona! Sasa naweza kuongeza mwendo.

Sasa kwa nini nawakomalia na joto. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100, hapa yanachemka kwenye 94 hivi. Injini nayo inapenda kufanya kazi karibu na 90. Umeona nafasi iliyobaki? Kinachokuokoa ni kulanti, ile dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa vizuri pamoja na mfuniko wa rejeta unaobana presha, hivyo viwili vinapandisha kiwango cha kuchemka hadi juu ya 100. Sasa wewe umejaza maji ya bomba, na mfuniko mpira wake umekufa, halafu unashangaa gari imechemsha Mlima Nyoka. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, ikipinda, taa haina kosa.

Kwenye hii CX-5 ile taa nyekundu ya joto ina hatua mbili. Ikianza kupepesa, joto limepanda sana: punguza mwendo, zima AC, tafuta pa kusimama. Ikiganda bila kupepesa, hakuna tena kutafuta, ni hapo hapo. Na mfuniko usiuguse mpaka kila kitu kipoe, tafadhali, maji yale yanachuna ngozi ya uso.

Najua kuna fundi mmoja kwenye maoni ataandika, "Hata huo mshale unaoulilia ni muongo." Na ana hoja. Magari mengi ya siku hizi yenye mshale, watengenezaji wameutuliza, unakaa katikati tu iwe joto ni 80 au 100, usije ukakutia wasiwasi. Kwa hiyo labda Mazda wamekuwa wakweli zaidi, wamekuachia taa tu. Sijui... hapana, bado nautaka mshale wangu. Lakini hasira zimepungua kidogo. Na kumbukeni, mshale au taa, vyote vinasoma sensa iliyokaa ndani ya maji. Bomba likipasuka maji yakaisha yote, sensa inabaki hewani, inaweza isiseme kitu huku injini inaungua. Ukiona maji yanadondoka chini, amini macho yako.

Dawa yangu ni kidude cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari, kinachomekwa hapa chini ya usukani, kinaongea na simu kwa Bluetooth. Haya, simu inasoma nyuzi 91. Huo ndio mshale wangu. Mwanjelwa vipo, haifiki laki, ila ukipewa cha bei ya chini sana kijaribu hapo hapo dukani, vingine havisomi kabisa.

Kioo cha taarifa hiki cha kulia, haraka haraka. Kitufe cha INFO kwenye usukani kinabadilisha: wastani wa mafuta, kilometa kwa lita maana ndivyo Wajapani wanavyohesabu, na kilometa zilizobaki kabla mafuta hayajaisha. Hizo zilizobaki msiziamini sana, zinapigwa kutokana na ulivyoendesha karibuni. Nenda Kyela, ukishapita Isyonje na ule ukungu wake unateremka tu hadi karibu mita 500 kule ziwani. Namba inapanda, unajiona tajiri wa mafuta. Geuza urudi Mbeya, zinayeyuka mbele ya macho yako. Jaza Kyela.

Simu sasa. Redio ya gari hii ni ya Kijapani, menyu yote Kijapani, na FM yake inaishia 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi huzipati bila kuongeza kidude kingine. Ila Bluetooth inafanya kazi. Siri iko kwenye simu yako: ukishaunganisha, fungua mipangilio ya jina la gari, utaona simu, sauti ya midia na majina ya watu, kila moja na swichi yake. Watu wanalalamika "napigiwa sauti inatoka kwenye spika, muziki hautoki". Swichi ya midia imezimwa, basi. Na gari ikiwa ya kukodi, zima ya majina, au ufute simu yako kwenye redio kabla hujairudisha. Nimeingia kwenye gari za watu nikakuta orodha nzima ya mliotangulia.

Tupime. Nimesimama pembeni, nampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unaongea kama uko shimoni?"

Mmesikia. Maikrofoni iko mbali na mdomo na dirisha liko wazi. Napandisha kioo. "Sasa je, mama?" "Sasa nakusikia. Ile hela ya mbolea vipi?" Mama, niko kwenye video, nakupigia!

Ndiyo hivyo, spika zinamwambia kila mtu. Ukiwa umempakia mkwe na namba ya mtu anayekudai ikatokea, usibonyeze kitufe cha kijani.

Bei? Madalali wanaanzia milioni thelathini na kitu, na ukiagiza mwenyewe kumbuka ushuru wa uchakavu, gari ikipita miaka 8 TRA wanaongeza. Kwa safari za humu mkoani naichukua. Kwa anayepanda Kitonga kila wiki, nunua na kidude cha OBD siku hiyo hiyo. Stika za chaneli zimefika, ziko kwa kijana wa spea pale Kabwe. Video ijayo ni Forester, Alhamisi badala ya Jumapili, mwenye nayo anaondoka nayo Ijumaa kwenda Songea.