Tahadhari kwa wanunuzi wa viwanja Kigamboni: wakili anayeletwa na dalali

Natoa tahadhari hii kwa yeyote anayetafuta kiwanja au nyumba Kigamboni na maeneo ya jirani, kwa kuwa mbinu iliyonipotezea shilingi milioni 19 ni rahisi kurudiwa kwa mtu mwingine wiki yoyote. Shauri liko polisi, hivyo sitamtaja mtu wala ofisi. Nitaeleza tu jinsi mambo yalivyofanyika, ili aliyekaribia kutia saini aitambue mbinu hiyo mapema.

Dalali alinionesha kiwanja kilichopimwa, bikoni zote, yaani alama za mipaka, zikiwa mahali pake, bei milioni 26. Nilimwambia waziwazi kwamba sitatoa fedha bila kuwepo wakili, naye akajibu kwa uchangamfu: "Hilo halina shida bosi, wakili wetu yupo hapa hapa." Mimi nikaona nimeokoa muda na nauli ya kwenda mjini kutafuta wakili wangu, na sasa ninajua kwamba hapo ndipo nilipouzwa.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la steshenari. Mkataba ulikuwa umeshachapwa, umebakizwa nafasi ya jina langu na ya bei. Hati miliki niliyooneshwa ilikuwa kivuli cha rangi, na nilipouliza ilipo halisi nikaambiwa imefungiwa kabatini kwa usalama hadi nimalize malipo. Bwana yule aliyejitambulisha kuwa wakili akausoma mkataba kwa sauti nzito, akagonga muhuri kila ukurasa, akachukua shilingi elfu hamsini yake, kisha akanipa namba ya akaunti ya kulipia awamu ya kwanza. Jina la akaunti halikufanana na jina lililokuwa kwenye muhuri. Alisema ni la mhasibu wa ofisi, nami nikakubali.

Miezi minne nikawa naambiwa kwamba uhamisho "uko wizarani". Baadaye nikaombwa nitume kwa simu milioni moja na laki mbili "za TRA", yaani Mamlaka ya Mapato, na ombi hilo ndilo lililonizindua, maana kodi ya ongezeko la mtaji ni mzigo wa muuzaji kisheria, na malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba (control number) inayotolewa na mfumo, hayaendi kwenye simu ya mtu. Nilikwenda mwenyewe ofisi ya Msajili wa Hati, nikajaza fomu ya upekuzi, yaani ya kuangalia kumbukumbu za umiliki wa kiwanja, nikalipia. Majibu yalionesha kwamba kiwanja kile kina rehani ya benki. Hati halisi haikuwa kwenye kabati la mtu yeyote Kigamboni; ilikuwa benki, na mwenye jina kwenye daftari hakuwa yule mzee aliyetia saini mbele yangu kama muuzaji.

Mtu atauliza, kama wengi walivyoniuliza, kwa nini sikuhakiki wakili. Jina la kwenye muhuri nililitafuta katika mfumo wa Mahakama wa e-Wakili, nikalikuta, tena likiwa hai. Tatizo ni kwamba nilihakiki jina, sikumhakiki mtu. Mwenye jina hilo ni wakili wa kweli anayefanya kazi mkoa mwingine kabisa, na nilipompata alishangaa kusikia kwamba ana "tawi" Kigamboni. Niliyekaa naye meza moja alikuwa kishoka, yaani wakili bandia, aliyechonga muhuri wa mwenzake. Kwa hiyo ukishalipata jina, lipeleke kwa Chama cha Mawakili Tanganyika uulize ofisi yake iko wapi, kisha uende kwenye ofisi hiyo, si kwenye ile uliyoelekezwa.

Hata hivyo, hata kama muhuri ungekuwa halali, usingenisaidia. Nimeurudia mkataba wangu mara nyingi, na sehemu inayoniuma ni ile fupi ya mwisho, ambapo shahidi anaandika kwamba muuzaji ametia saini mbele yake na kwamba "ametambulishwa kwangu na", halafu pakaandikwa jina la dalali. Hiyo ndiyo kazi ya muhuri wa kushuhudia: unathibitisha kwamba mtu fulani alitia saini. Hauthibitishi kwamba kiwanja ni chake, kwamba hakidaiwi, wala kwamba hakina zuio la mahakama. Wengi wetu tunamlipa wakili fedha ya kugonga muhuri, kisha tunatembea tukiamini tumelipia uchunguzi ambao hatukuuagiza na ambao hakuna aliyeufanya.

Wakili wa kukusaidia kununua ni yule uliyemtafuta wewe, unayemlipa wewe, na ambaye hapokei chochote kwa dalali wala kwa muuzaji. Kabla ya mkataba kuandikwa, mwambie kwa maandishi kwamba unataka upekuzi ufanyike, na umwombe nakala ya majibu na risiti yake ukaisome mwenyewe. Akishindwa kukuuliza kama muuzaji ana mke au mume, muulize yeye, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Kama eneo halijapimwa, hakuna hati ya kupekua. Hapo atalazimika kwenda serikali ya mtaa na kwa majirani wa mipaka, na wakili asiyetaka kuchafua viatu vyake hakufai. Fedha zisikabidhiwe siku ya kutia saini kwa mtu ambaye hujamaliza kumjua. Mkataba unaweza kusema zitalipwa kwa awamu, sehemu kubwa ikisubiri uhamisho.

Chumba kile sasa kimefungwa, na mwenye steshenari anasema mpangaji alihama usiku. Ikiwa una mkataba uliochapwa huko, wenye jina la dalali katika nafasi ya aliyemtambulisha muuzaji na akaunti isiyo ya jina la wakili, chukua risiti za benki na ujumbe wa simu, uende kituo cha polisi ulipo ufungue RB yako, yaani namba ya taarifa ya polisi, kwani upelelezi wa shauri langu utapata nguvu zaidi tukijitokeza wengi.